Bei ya Dukani na Bei ya LUKU

Saa tatu usiku kule Mbagala, shangazi yangu alizima taa zote, akachomoa televisheni na chaja za simu za wanawe, nyumba ikabaki giza na friji peke yake linaunguruma jikoni. Mimi nilikuwa kibarazani, tochi ya simu mkononi, nimeikodolea macho mita ya umeme. Pale kwenye mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa. Kilipopepesa nikaanza kuhesabu sekunde. Ishirini na nne, kikapepesa tena. Nikarudia mara tatu, ikawa ile ile.

Kitaa hicho kinasema mambo mengi kwa anayejua kukisoma. Tazama maandishi ya mita yako: utakuta 1000 imp/kWh (imp ni kupepesa, kWh ndiyo uniti), au 1600, au namba nyingine. Yake ni 1000, yaani kikipepesa mara 1,000 umeshatumia uniti moja. Kwa mita ya namna hiyo unachukua 3,600 unagawa kwa sekunde ulizohesabu, unapata wati zinazotumika wakati huo. Ya 1600 unagawa 2,250. Friji la shangazi lilikuwa linavuta wati 150 pale kompresa inapofanya kazi.

Kompresa haifanyi kazi muda wote, kwa hiyo tukaandika pia uniti zilizobaki: 14.62. Saa kumi na mbili asubuhi akanitumia ujumbe: 13.87. Ndani ya saa tisa, robo tatu ya uniti. Kwa siku nzima hapo ni uniti mbili, na mchana lazima zizidi, maana mlango unafunguliwa kila mara na jiko lenyewe ni la moto. Tuchukue mbili tu.

"Basi mbona elfu kumi haifiki wiki mbili?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali lililoniingiza katika hesabu hizi, na naliandika hapa kwa sababu watu wengi Dar es Salaam wanajiuliza hivyo hivyo, kisha wanaishia kulaumu mita, au kumgombeza mtoto aliyesahau taa ya chooni. Taa ya siku hizi ya wati 9 ikisahaulika usiku kucha inakula kama sehemu ya kumi tu ya uniti. Pesa inatoka mlango mwingine.

Uniti moja ina bei mbili

Watu wengi wanajua kwamba LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Wachache wanajua wamewekwa kundi gani. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni 350. Mteja wa kawaida, kundi la T1, analipa 292 tangu uniti ya kwanza. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Ukijumlisha, uniti ya D1 inasimama kwenye 122 na ya T1 kwenye 356. Ndiyo maana majirani wawili wananunua umeme wa elfu tano, mmoja anapata uniti 41 na mwingine 14, wakadhani mmoja kafanyiwa mpango.

Sasa rudi kwa shangazi. Friji linakula uniti 60 kwa mwezi. Taa, televisheni, feni na pasi ya sare za shule zinakula kama 25. Jumla 85. D1 ni ya wenye wastani usiozidi 75, kwa hiyo yeye yupo T1: 85 mara 356 ni shilingi 30,260 kwa mwezi.

Friji lake ni la mtumba. Tuseme siku ile alipokwenda kulinunua angechukua friji jipya la ukubwa ule ule linalotumia uniti 0.8 kwa siku. Hayo ni 24 kwa mwezi. Ongeza zile 25, unapata 49. Yuko D1, na umeme wake ni 5,978. Tofauti ni shilingi 24,282 kila mwezi, karibu laki mbili na tisini na mbili kwa mwaka.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Ukipima kwa uniti tu, friji jipya linaokoa 36, ambazo kwa bei ya T1 ni kama 12,800. Karibu nusu nyingine ya faida imetoka kwenye kuhama kundi: friji lilipopunguza ulaji, hata taa na televisheni zikaanza kulipiwa 122 badala ya 356. Hii ndiyo sehemu ambayo muuzaji hatakuambia, kwa kuwa haijui nyumba yako. Kifaa kimoja kinaweza kupandisha bei ya vifaa vyote vingine.

Friji lile la mtumba alilinunua 280,000 katika duka moja mjini, miaka mitatu iliyopita. Jipya lilikuwa 630,000. Alirudi nyumbani amefurahi kuwa ameokoa laki tatu na nusu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliompongeza. Kwa hesabu hii zile laki tatu na nusu zilikwisha mwezi wa kumi na tano. Tangu hapo amekuwa akililipia friji lile kwa simu, elfu kumi kumi, bila kujua kwamba bado analinunua.

(Ukipiga hesabu zako, usiingize makato ya kodi ya jengo yanayokatwa unaponunua umeme. Hayo yapo uwe na friji au usiwe nalo.)

Herufi A kwenye friji la mtumba

Mafriji mengi ya mtumba yanayoshushwa hapa yametoka Ulaya, na mengine bado yana ile stika ya rangi za kijani, njano na nyekundu. Muuzaji anakuonyesha A+ kwa fahari. Kwa mfumo wa zamani wa Ulaya madaraja yalipanda hadi A+++, na kuanzia mwaka 2012 friji jipya lisilofikia A+ halikuruhusiwa hata kuingizwa sokoni kule. Kwa hiyo A+ ya miaka ile ilikuwa ngazi ya chini kabisa inayoruhusiwa dukani. Machi 2021 walifuta alama zote za kujumlisha, wakaanza upya na A hadi G, makusudi kabisa ili ngazi za juu zibaki karibu tupu kwa ajili ya vifaa vitakavyokuja. Ndiyo maana friji jipya lenye E leo linaweza kulishinda lenye A+ la zamani kwa mbali.

Mimi herufi siiangalii tena. Natafuta namba iliyoandikwa pembeni ya kWh, ambayo ni uniti za mwaka mzima. Unaigawa kwa 365. Ikiwa 290, ni kama uniti 0.8 kwa siku. Lakini vipimo vile vya zamani vilifanywa ndani ya chumba cha nyuzi 25, mlango umefungwa. Jiko la Mbagala mwezi wa pili halina nyuzi 25 hata usiku wa manane. Ongeza kiasi, hasa kama friji limeshachoka.

Kisha fungua mlango, utafute stika ndogo ndani, ubavuni karibu na droo ya mboga. Kuna herufi za hali ya hewa: N ni friji lililotengenezwa kufanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji la N katika jiko letu linafanya kazi nje ya mipaka yake kwa miezi mingi. Halizimiki, kompresa haipumziki, na siku moja unaambiwa imekufa. Pale pale kwenye stika huandikwa aina ya gesi. R600a ni ya mafriji mengi ya kisasa, na inawaka moto, kwa hiyo fundi anayelijaza lazima awe anaijua kazi hiyo. Akikuambia gesi zote ni moja, mshukuru, funga mlango, mtafute mwingine.

Sisemi mtumba wote ni mbaya. Nasema usinunue kitu ambacho hujakisoma. Dukani waombe wakiwashe kwa saa moja na uhesabu kompresa inakaa muda gani bila kuzima. Wanaokataa wamekujibu tayari.

Na kabla ya kununua chochote, kuna matengenezo ya bei ndogo. Nilichukua noti ya elfu moja nikaibana kwenye mlango wa friji la shangazi, nikaivuta. Ikatoka kama inavyotoka kwenye kitabu. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea upande wa chini wote, baridi inamwagika sakafuni mchana na usiku. Fundi alibadilisha mpira. Tukalisogeza friji mbali na ukuta kiasi cha kiganja ili joto la nyuma lipate pa kutokea, tukasugua vumbi kwenye zile nyaya nyeusi, tukashusha kirekebishaji kutoka 7 hadi 3. Wiki moja baadaye tukapima tena: uniti 1.6 kwa siku. Hizo ni 48 kwa mwezi, na zile 25 zinafanya 73.

Sabini na tatu. Chini ya mpaka wa D1 kwa uniti mbili. Ni padogo mno pa kujipumzisha; wageni wa Idi peke yao wanatosha kumvusha. Lakini kwa mara ya kwanza ana sababu ya kwenda ofisi ya TANESCO ya eneo lake kuulizia kundi, mkononi ana kumbukumbu za matumizi yake.

Kiyoyozi, na kinachokuja kabla yake

Hapa ndipo watu wenye kipato cha kati wanapopoteza pesa nyingi zaidi, na ndipo neno "inverter" linapouzwa kama dawa.

Kiyoyozi cha kawaida kina hali mbili: kimewaka kwa nguvu zote au kimezima. Chumba kikipoa kinazima, kikipata joto kinawaka tena kwa nguvu zote. Cha inverter kinapunguza mwendo wa kompresa. Fikiria gari lililo kwenye foleni ya Morogoro Road, linakanyaga, linasimama, linakanyaga. Halafu fikiria basi la mwendokasi kwenye njia yake, linakwenda polepole bila kukata. Lakini kinachookoa zaidi ni hiki: kompresa ikizunguka taratibu, zile nyavu za kupozea ndani na nje zinakuwa kubwa kuliko kazi iliyopo, zinatoa joto kwa urahisi, na kila uniti ya umeme inahamisha joto jingi zaidi. Kwa maneno mengine, faida ya inverter inapatikana pale inapokaa muda mrefu ikifanya kazi kidogo.

Hapo ndipo pa kuamua. Chukua cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kile ambacho madukani wanakiita farasi moja na nusu. Cha kawaida kinavuta wati 1,100 hivi kikiwaka. Kwa saa nane za usiku mmoja, kikiwa kinawaka na kuzima, tuseme kinakula uniti 6. Cha inverter kwenye chumba kile kile kinaweza kula 4. Uniti mbili kwa usiku kwa bei ya T1 ni shilingi 712. Anayelala nacho kila usiku wa mwaka anaokoa kama laki mbili na sitini. Ikiwa tofauti ya bei dukani ilikuwa laki tatu na nusu, imerudi katikati ya mwaka wa pili. Lakini anayekiwasha kwa saa moja tu jioni sebuleni kupooza chumba kwa ajili ya mgeni, kisha anazima, kiyoyozi chake kinafanya kazi kwa nguvu zote saa hiyo nzima, inverter au si inverter. Laki tatu na nusu zake hazitarudi kabla kifaa hakijazeeka. Kwa mtu huyo cha kawaida kilichofungwa vizuri kinatosha, na namwambia hivyo bila wasiwasi.

Kingine ni ukubwa. Watu wanapenda kununua kikubwa "kipooze haraka". Joto la Dar ni la unyevu, na kiyoyozi kinaondoa unyevu pale tu kinapofanya kazi kwa muda. Kikubwa cha kawaida kinashusha nyuzi haraka na kuzima kabla hewa haijakauka, unabaki na baridi yenye unyevu, shuka linashika mwili. Unashusha rimoti hadi 18 ukidhani tatizo ni joto. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 chenye siling nzuri kinatosheka na BTU 9,000. Weka 25 au 26 na pangaboi likizunguka juu. Pangaboi linakula wati 70 hivi, na kila nyuzi unayopandisha kwenye rimoti inapunguza ulaji wa kiyoyozi kwa asilimia kadhaa.

Lakini mimi ningeanzia juu zaidi, kwenye bati. Bati la rangi ya kukoza linapopigwa na jua la saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 60. Chini yake kuna hewa iliyofungiwa, chini yake siling ya gipsam, chini yake wewe na kiyoyozi chako mnapambana na tanuri. Bati jeupe, matundu ya hewa kwenye pembe za paa, na tabaka la kuzuia joto juu ya siling ni gharama ya mara moja na hazinunuliwi umeme. Anayejenga sasa hivi Chanika au Goba, mafundi wako kwenye lenta, ana nafasi ambayo aliyekwisha kujenga hana. Jua letu la asubuhi na jioni linaingia kwa ubapa, hakuna ukingo wa paa unaoweza kulizuia, kwa hiyo madirisha makubwa yakitazama magharibi unalipia jua hilo maisha yako yote. Yakitazama kaskazini na kusini, paa lililotoka nje kidogo linayafunika. Na upepo wetu ndio huko huko unakotoka: kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili na kuendelea. Wazee wa pwani walijenga nyumba zenye kibaraza, ukumbi wa kupitisha hewa katikati na ua nyuma kwa kulijua hilo. Mkungu au mwarobaini upande wa machweo unafanya kazi ya kiyoyozi kidogo na unadai maji tu mwaka wa kwanza.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, Msasani, Kunduchi, Kigamboni, kuna bei nyingine isiyoandikwa: chumvi. Hewa ile inazila nyavu za alumini za chombo cha nje. Rafiki yangu wa Kunduchi alibadilisha chombo cha nje mwaka wa nne, na ukizigusa zile nyavu zilivunjika kama majani makavu. Uliza zilizopakwa dawa ya kuzuia kutu, zioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Na inverter ina bodi ya elektroniki ambayo umeme ukicheza inaungua, na bodi moja inaweza kuwa na bei inayofuta akiba ya mwaka mzima. Kinga ya umeme ihesabu kama sehemu ya bei ya kiyoyozi. Kile cha bure ulichorithi chenye gesi ya R22 kiangalie pia kwa jicho hilo: chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinaiondoa gesi hiyo kufikia 2030, kwa hiyo kila mwaka kuijaza kutakuwa kugumu zaidi.

Sufuria ya maharage

"Umeme wa kupikia ni wa matajiri." Nimelisikia hili tangu utotoni, na lilikuwa kweli kwa majiko na bei za wakati ule. Tupime upya.

Tuchukue bei za mfano, uweke zako: mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa 24,000, mkaa kilo moja kwa 1,000. Kilo ya gesi ina nishati ya karibu uniti 12.8, mtungi mzima una kama 77. Jiko la gesi linafikisha kwenye sufuria nusu na kidogo ya hizo; nyingine inapasha hewa ya jikoni. Kila uniti ya joto inayoingia ndani ya sufuria inakugharimu kama shilingi 570. Mkaa una uniti 8 hivi kwa kilo, lakini jiko la kawaida linaingiza robo tu, kwa hiyo uniti ya joto ni kama 500. Jiko la umeme la koili, tukichukulia linaingiza sehemu saba kwa kumi, kwa bei ya T1 linakuja kwenye 510. Kwa bei ya D1 ni 174.

Yaani vyote vitatu viko karibu karibu, kwa mtu wa bei ya juu ya umeme. Mapishi ya muda mrefu ndiyo yanayobadilisha picha. Jiko la presha la umeme linachemsha maharage yasiyolowekwa kwa chini ya saa moja na kutumia kiasi cha nusu uniti au chini yake, kwa sababu limefunikwa pande zote na linajizima likifikia joto. Nusu uniti ya T1 ni shilingi 178. Weka pembeni yake mkaa wa saa mbili na nusu, ule wa kuongeza mara mbili katikati, uone. Hapa nchini shirika la nishati la TaTEDO wamekuwa wakiyaonyesha majiko haya kwa vipimo kwa miaka kadhaa, na kila ninayemwona anapikiwa makande mbele yake anauliza linauzwa wapi.

Ila kumbuka mpaka wa 75. Familia inayopika kila kitu kwa umeme itauvuka, na tozo ya kuuvuka tumeshaiona. Kwa shangazi nilipendekeza presha iwe ya maharage, makande, kwato na nyama ya supu tu, chai na mayai vibaki kwenye gesi. Hiyo ni kama uniti 10 kwa mwezi. Na isianze kabla friji halijabadilishwa, la sivyo zile 73 zinakuwa 83.

Mkaa una gharama ambayo haipo kwenye kopo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, hapa hapa kando ya jiji, imeliwa sana na tanuri za mkaa, kisha mkaa ukaanza kufuatwa mbali zaidi. Macho ya mama zetu na vifua vya watoto wanaokaa mgongoni wakati wa kupika ni sehemu ya bei hiyo. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115. Umeme upo. Kinachobaki ni mtu wa kipato cha kila siku, anayenunua mkaa wa kopo kwa sababu leo ana elfu mbili na kesho hajui. Ukimwambia mtungi mkubwa ni nafuu kwa kilo, anajua kuliko wewe. Anachokosa ni pesa kubwa ya siku moja. Ndiyo maana naona gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, na vikoba vya akina mama vinavyonunuliana majiko kwa zamu, ni jambo kubwa kuliko matangazo yote.

Anayechagua na anayelipa

Kuna kundi ambalo hesabu zote hizi zinawapita: wapangaji. Mwenye nyumba anachagua kiyoyozi, hita ya bafuni, aina ya bati. Mpangaji analipa umeme. Mwenye nyumba hana sababu ya kuongeza laki tatu ili mtu mwingine aokoe.

Na nyumba za vyumba vya kupanga zenye mita moja zina adhabu yake. Vyumba sita, kila kimoja uniti 40 kwa mwezi, jumla 240, zote kwa bei ya T1: shilingi 85,440. Watu wale wale, matumizi yale yale, kila mmoja na mita yake ndani ya D1: 29,280. Elfu hamsini na sita kila mwezi zinapotea kwa sababu ya waya mmoja, na juu yake kuna ugomvi wa nani kanyoosha nguo jana. Matangazo ya vyumba siku hizi yanaandika "LUKU yake", na mpangaji anayeongeza elfu chache za kodi kwa chumba cha hivyo mara nyingi anatoka na faida. Ukiwa na mkataba wa miezi sita, nunua vinavyohamika: friji, pangaboi la kusimama, presha. Ya paa muombe mwenye nyumba kwa maandishi, na mjadiliane kuyakata kwenye kodi.

Sola nitaigusa kidogo tu. Kwa aliyeunganishwa na gridi mjini, paneli na betri vinanunuliwa zaidi kwa ajili ya utulivu umeme unapokatika. Kama yupo D1, hazitamrudishia pesa kwa kuokoa uniti za 122. Akinunua, betri ndiyo mtego. Ya asidi inaonekana nafuu, lakini haitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, na joto la chumba chetu linaipunguzia umri haraka. Ya lithiamu inatumika karibu yote na inadumu mara kadhaa. Gawa bei kwa uniti itakazokutolea mpaka inakufa, ndipo ulinganishe.

Shangazi ana daftari la mistari sasa, amelifunga kwa kamba kwenye mpini wa friji, kalamu imening'inia. Kila jioni saa tatu anaandika namba ya LUKU. Zamu yake ya kikoba inafika mwezi ujao. Ameniuliza kama Jumamosi ya wiki hiyo nitakuwa na nafasi, twende Kariakoo na kipande cha karatasi alichokwisha kukiandika: lita 180, uniti 290 kwa mwaka zisizidi, herufi T.